Siku za Kijani

Programu hii haijui jina la mama yangu.
Inajua Keflavík, inajua Warsaw,
inajua kwamba Jumanne alfajiri
hakuna anayependa kusafiri,
na kwa kutopendwa huko siku hiyo hupakwa kijani,
kijani cha kabichi changa.
Ijumaa ni nyekundu. Kuelekea Krismasi ni nyekundu tupu.
Bei hupaa kabla ya ndege.

Nasimama kwenye mstari wa minofu, Ísafjörður,
kisu mkononi, glavu mbili mbili,
chewa wakipita mbele yangu juu ya mkanda
wameshaondolewa vichwa na maswali.
Saa nne tunapewa dakika kumi na tano.
Rodelio humpigia mkewe huko Iloilo.
Mimi huvua glavu, napuliza vidole,
nafungua kalenda, nangoja kiduara kiache kuzunguka.

*Subiri*, inaniandikia. *Bei huenda ikashuka.*
Subiri, subiri, kama shangazi aliyemeza methali.
Subira huvuta heri, sikatai,
lakini huuvuta na umri kwa kamba ileile.

Wapolandi wenzangu hunionea wivu.
Wao ni Wakatoliki, mtoto wao huzaliwa bei ikiwa kileleni.
Sisi wa Hajnówka, wa kanisa la Kiorthodoksi,
humngoja hadi tarehe saba Januari,
sherehe za watu zimekwisha, viti vitupu.
"Mungu wenu," Grażyna aliniambia akifuta kisu,
"anazaliwa kwa bei ya kutupa."
Nilicheka hadi msimamizi akageuka.

Miaka sita nimekwenda hivyo, na mkoba mmoja wa mgongoni
kwa sababu sanduku hulipiwa kando.

Desemba iliyopita mama hakunipigia hata mara moja.
Nikasema amenuna. Nikasema masikio yanamwishia.
Nikasema mengi, usiku ni mrefu kule,
jua huenda nyuma ya mlima mwezi Novemba
na halikumbuki kurudi.

Tarehe sita nilimkuta jikoni,
supu ya bitiruti mezani, miwani puani, simu mkononi,
na kwenye simu, kalenda yangu.
Gienek, mtoto wa kaka, ndiye aliyemwekea.
Mama hana kadi ya benki.
Hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege.
Kila jioni, paka akishakunywa maziwa,
huifungua, huipitisha miezi kwa kidole
kilichovimba kwa baridi yabisi.

"Hizi ni siku zako," akaniambia.
"Ya kijani, hujambo. Nyekundu, kazi imekuelemea.
Desemba nzima ulikuwa nyekundu, mwanangu,
ningekusumbuaje?"

Nilijaza bakuli langu tena, nikala bila kuhisi ladha.
Ningemweleza nini?
Kwamba rangi hizo ni za abiria wasiojuana,
wanaoutamani mji mmoja kwa wakati mmoja?
Mengine hayo hata mimi siyajui.
Nilimwambia supu imekolea chumvi. Akafurahi.

Leo ni Ijumaa ya Julai.
Kalenda inawaka kama jiko lililosahauliwa.
*Subiri*, inasema, na pengine inasema kweli:
Septemba kuna Jumanne moja ya bei ya jozi ya viatu,
nimeiwekea alama, nitaikata.
Lakini dakika kumi na tano ni zangu.
Nimesimama nyuma ya ghala, shakwe wakigombea utumbo,
nikapiga.

Akapokea kabla mlio haujaisha.
"Luba! Leo ni nyekundu. Unaumwa?"
"Siumwi, mama. Nimepumzika tu."
"Una hakika?"
"Nina hakika."
Nikamsikia akivuta kiti, akiketi, akimfukuza paka.
"Basi sema upesi," akasema,
"leo ni ghali."